Samaki wanaosukutua mchanga: bahari ndogo ya sebuleni Dodoma

Ukimtazama samaki wa bahari aitwaye gobi, wa jamii ya Valenciennea, kwa mara ya kwanza utaapa anakula mchanga. Anainamisha kichwa, anachota mdomo ukajaa, anatafunatafuna, halafu mchanga unamtoka mashavuni kushoto na kulia huku mwenyewe amesimama palepale amekodoa macho. Anasogea kidogo, anachota tena. Kutwa nzima kazi ni hiyo. Jirani yangu, mzee wa Kigogo aliyestaafu, alipomwona aliniuliza, "Mjukuu wangu, huyu naye ana mimba? Mbona anakula pemba?" Nikamjibu, "Hapana babu, huyo anasukutua tu." Ndivyo ilivyo. Kwenye matamvua yake kuna vichujio vinavyobakiza minyoo midogo, vijikamba visivyoonekana vizuri kwa macho na mabaki ya chakula. Mchanga wenyewe hautaki.

Samaki hawa huuzwa kwa sifa moja, kwamba ni wasafishaji. Weka mmoja au wawili kwenye tangi la maji chumvi, unaambiwa, na maji yatang'aa. Mimi ninao, ninawapenda, na nasema wazi kwamba sifa hiyo imewaua wengi wao. Gobi hasafishi maji. Anachofanya ni kuupindua mchanga usioze, na akiupindua, uchafu uliokuwa umelala unaamka na kuelea. Maji yanachafuka kwanza. Kama hakuna kitu cha kuudaka uchafu huo ukiwa bado unaelea, utatua tena upande wa pili wa tangi, na samaki atakuwa ameuhamisha tu.

Nitarudi hapo. Kwanza nieleze bahari inakaaje mjini kwetu, maana watu wengi wakiliona tangi swali la kwanza si samaki, ni maji.

Dodoma ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na zaidi ya kilomita 400 kutoka Dar es Salaam. Samaki siku hizi si tatizo kubwa. Tangu treni ya SGR ianze safari za huku mwaka 2024, mtu anaweza kutoka pwani na samaki wake akafika kwa saa chache, samaki wakiwa kwenye mifuko yenye maji kidogo na oksijeni nyingi, ndani ya deli ili joto lisiyumbe. Maji ndiyo mzigo. Tangi langu ni la lita 300, yaani madumu 15 ya lita 20, zaidi ya kilo 300 za maji ya bahari. Hakuna anayeyabeba kutoka pwani kila akitaka kubadilisha maji. Unanunua chumvi maalumu ya tangi inayoagizwa kutoka nje, unaichanganya na maji matamu kwa kiasi cha gramu 35 hivi kwa lita, na kwa tangi zima unatumia kilo 10 na ushee.

Kuna ndugu yangu aliwahi kunishauri nitumie chumvi ya Bahi, iko karibu na ni ya kwetu. Chumvi ya Bahi iache kwenye mboga. Maji ya bahari si maji yaliyotiwa chumvi ya jikoni. Kila lita ina magnesi kama miligramu 1,300, kalsiamu 400 na zaidi kidogo, potasiamu karibu 400, na vingine vingi kwa viwango vidogo ambavyo viumbe wa bahari wamezaliwa navyo. Chumvi ya mezani ni sodiamu na klorini, basi, pamoja na madini joto yaliyoongezwa kwa ajili yetu sisi.

Maji ya kuchanganyia nayo yana mambo yake. Sehemu kubwa ya maji yetu hutoka ardhini, bonde la Makutupora, na kila aliyewahi kuosha birika la Dodoma anajua ule ukoko mweupe. Maji magumu kwa kunywa hayana neno. Kwa tangi la bahari, kilichomo kwenye maji ya kisima, hasa nitrati na silika, ni chakula cha mwani. Kwa hiyo ninatumia mashine ya kuchuja kwa utando, ile wanayotumia wauza maji ya kunywa, na yale maji yanayokataliwa na mashine huenda kwenye ndoo za kudekia. Mke wangu hakubali yaende bure.

Kiangazi kinaleta kazi nyingine. Kuanzia Mei mpaka Novemba hewa ya Dodoma ni kavu, upepo unavuma, na maji yanapaa kutoka kwenye tangi usiku na mchana. Yanayopaa ni maji matupu, chumvi inabaki. Tangi la lita 300 likipungua lita 15, chumvi inapanda kutoka gramu 35 hadi karibu 37 kwa lita. Ndiyo maana kinachoongezwa kila siku ni maji matamu yaliyochujwa, kamwe si ya chumvi. Na kimo cha mji wetu kinapunguza hewa: maji ya bahari yenye nyuzi joto 25 pale Dar hushika oksijeni kama miligramu 6.7 kwa lita, huku juu ni chini ya 6. Tofauti hiyo haiui samaki mwenye afya, lakini inaondoa akiba. Tangi linalopumua kwa shida Kigamboni litasongwa Nzuguni.

Sasa turudi kwa gobi, wachimbaji wetu.

Neno "maji machafu" linaficha magonjwa manne tofauti, na gobi hatibu hata moja. Kuna ukungu mweupe wa vumbi la mchanga mpya, ambao dawa yake ni kuuosha mchanga kabla, ndoo baada ya ndoo, mpaka maji ya kusuuzia yatoke safi. Kuna weupe wa maziwa unaotokea tangi likiwa changa au likilishwa kupita kiasi: hao ni bakteria wameongezeka ghafla, na wanataka chakula kipunguzwe na hewa iongezwe. Kuna ukijani wa mwani unaoelea, unaotokana na mbolea iliyomo majini na mwanga mwingi. Na kuna umanjano, huo ndio mjanja kuliko yote, kwa sababu unakuja polepole na jicho linauzoea. Weka karatasi nyeupe nyuma ya tangi uchungulie kwa ubavuni, ndipo utauona. Huo hutoka kwenye mabaki ya viumbe yaliyoyeyuka, na huondolewa na mkaa maalumu wa kuchujia, ule uliotengenezwa kuwa na vitundu vingi mno ndani yake. Mkaa wa jikoni hauna uwezo huo, na unaleta majivu.

Mchimba mchanga hagusi hata kimoja kati ya hivyo. Eneo lake ni sakafu.

Sakafuni ndiko kila kitu kinakoishia: punje ya chakula iliyokosewa, kinyesi, jani la mwani lililokufa. Bakteria hulivunja fungu hilo, amonia inakuwa nitriti, nitriti inakuwa nitrati. Juu ya mchanga usioguswa hujitandaza utando wa kahawia wa diatomu, yaani mwani mdogo sana, hasa miezi ya mwanzo silika ikiwa nyingi, na baadaye, mahali maji hayapiti vizuri, shuka jekundu la damu ya mzee la sainobakteria, bakteria wanaoishi kwa mwanga kama mwani. Watu wanaosema "maji yangu machafu" mara nyingi wanaona sakafu chafu kupitia maji safi. Gobi wawili wakipita hapo kutwa nzima, utando hauwahi kushika, mchanga unabaki mweupe, mwanga unarudi juu, na tangi zima linaonekana angavu kuliko lilivyo. Nusu ya sifa yao ni hiyo, na ni sifa ya halali.

Nusu ya pili unaitengeneza mwenyewe. Uchafu walioupeperusha lazima ukute mkondo. Pampu zangu nimezielekeza ili maji yafagie chini kuelekea upande wenye tundu la kutokea, sio juu kwa ajili ya mawimbi ya kupendeza. Kutoka hapo yanapita kwenye pamba. Usihangaike na za dukani. Pamba nyeupe ya kujazia mito, ile nyuzi za poliesta kutoka kwa fundi magodoro, inafanya kazi vizuri mradi haijatiwa manukato wala dawa yoyote. Lakini ibadilishwe kila baada ya siku mbili au tatu. Pamba iliyojaa uchafu na kuachwa wiki mbili imekuwa sehemu ya maji yako: uchafu umo mlemle, unaoza mlemle, ila huuoni. Baada ya pamba inakuja skima, mtungi unaopuliza vipovu vidogo sana kwenye maji ya chumvi. Molekuli nyingi za uchafu wa viumbe zina upande mmoja unaokimbia maji, zinajibandika kwenye ukuta wa povu, povu linapanda, linamwagika kwenye kikombe. Ukikifungua kikombe hicho mchana wa Oktoba nyumba nzima itajua.

Gobi hawa wapo wa aina nyingi, nami nitataja wale ambao makazi yao yanafika upande wetu wa Bahari ya Hindi. Valenciennea strigata ana kichwa cha njano na mstari wa buluu chini ya jicho, hufika sentimita 18. Ni mzuri wa sura na msumbufu wa tabia: anachota mchanga, anapanda nao juu, anaumwaga kwenye matumbawe yako. Valenciennea sexguttata ni mweupe mwenye vidoa vya buluu shavuni, mdogo zaidi, sentimita 14 hivi, na kwa tangi la sebuleni ndiye ningemshauri mtu. Helsdingenii, mwenye mistari miwili mirefu na doa jeusi kwenye pezi la mgongoni, hufika sentimita 25. Huyo anahitaji nafasi ambayo wengi wetu hatuna. Jina la jamii, kwa wapenda historia, lilitolewa na Mholanzi Bleeker mwaka 1856 kumheshimu Mfaransa Valenciennes.

Huishi wawili wawili, dume na jike, na shimo lao. Ukiweza kuwapata wakiwa tayari ni wenza, chukua wote wawili. Wageni wawili waliokutanishwa kwa nguvu wanaweza kupigana. Maisha yao ya ndoa ni marefu kuyaeleza, lakini jambo moja siwezi kuliacha. Kwa Valenciennea longipinnis, uchunguzi uliofanywa Japani ulionyesha kwamba dume akiwa shimoni na mayai, jike hukaa nje akirundika vipande vya matumbawe na mchanga juu ya shimo, na kichuguu hicho husaidia maji mapya kuingia ndani. Mjenzi wa mfumo wa hewa, hana shahada. Kwenye tangi utaona mfano wake: asubuhi unakuta kona moja imechimbwa mpaka kioo kinaonekana, na kona nyingine kuna kilima.

Ndiyo maana mawe yanawekwa kwanza, moja kwa moja juu ya kioo cha chini, ndipo mchanga unamiminwa kuyazunguka. Jiwe lililokaa juu ya mchanga litachimbwa chini yake mpaka liporomoke, liue samaki au lipasue kioo. Na tangi lifunikwe. Gobi akishtuka huruka. Fundi aluminiamu alinitengenezea fremu akabana wavu wa dirishani, ule wa kuzuia mbu. Hewa inapita, samaki hapiti, na vumbi jekundu la mtaani linapungua kidogo.

Mchanga wenyewe uwe laini, punje zisizozidi milimita moja au mbili. Mchanga wa korongo, tunaojengea, usiujaribu. Umetokana na granaiti, punje zake zina kona kali, na samaki anayepitisha mchanga kwenye matamvua siku nzima hastahili kupitishiwa hizo. Mchanga wa matumbawe, ulioviringwa na mawimbi, ndio wake. Tafadhali usiende kuvunja matumbawe kwa ajili hiyo. Matumbawe magumu yamo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, na mawe ya kutengenezwa yanashika bakteria vizuri tu ukiyapa miezi.

Kina cha mchanga ndicho watu hubishana sana. Ipo shule inayotaka mchanga mwingi, sentimita 10 au zaidi, ili chini kusiwe na oksijeni na bakteria wa huko waigeuze nitrati kuwa gesi ya naitrojeni. Ni mfumo mzuri na nimeuona ukifanya kazi. Lakini usiuchanganye na wachimbaji. Mchanga mwingi unaishi kwa sababu ya minyoo na vijikamba vinavyoupitia, na hao ndio chakula cha gobi. Tena akichimba mpaka chini kwenye tabaka jeusi anaweza kufungulia hidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya yai viza, ambayo ni sumu kwa samaki. Chagua: mchanga mwingi bila wao, au sentimita tatu hadi tano pamoja nao. Mimi nilichagua samaki, na nitrati naiondoa kwa ndoo, kwa kubadilisha maji.

Sasa lile nililosema mwanzo, kwamba sifa yao huwaua. Mchanga wa tangi jipya una vijidudu vya kumtosha gobi kwa wiki chache. Anavimaliza. Baada ya hapo anaendelea kuchimba kwa bidii ileile, mwenye nyumba anafurahi kuona mfanyakazi hodari, na samaki anakufa njaa akiwa kazini mbele ya watu. Angalia tumbo nyuma ya mapezi ya kifua: likibonyea ndani, ana njaa, hata kama mchanga unang'aa. Samaki hawa walishwe mara tatu kwa siku, wakati mwingine zaidi, na chakula kiwafikie chini. Ninanunua kamba wabichi waliogandishwa, nawaosha, nawakatakata vipande vidogo sana, nagandisha tena kwa mafungu. Uduvi mkavu wa sokoni mara nyingi una chumvi na ni mgumu, huo uishie kwenye nazi. Kwa kuwafikishia chini natumia bomba la sindano kubwa la duka la dawa, bila sindano, nimelichomeka mpira mrefu. Samaki wa juu wanagombania chao, nami nasukumia wachimbaji chao taratibu kwenye mdomo wa shimo.

Utaona basi mzunguko ulivyo: ili samaki wa kusafisha sakafu aishi, lazima umwage chakula zaidi sakafuni. Anayemnunua ili apunguze kazi ameongeza kazi, pamba za kubadilisha na maji ya kuchanganya. Kama lengo ni sakafu safi tu bila mapenzi na samaki, konokono wa Nassarius wanaojifukia mchangani wanagharimu kidogo na hawarushi vumbi. Jongoo bahari naye hula mchanga kweli kweli, anaupitisha tumboni. Zanzibar wanafugwa baharini kwa biashara. Kwenye tangi dogo simpendekezi, maana baadhi yao wakiumia au kufa hutoa sumu inayoweza kumaliza wenzake.

Kuhusu umeme sina mengi. Ukikatika, skima inasimama, mkondo unasimama, na zile miligramu chini ya 6 za oksijeni zinaanza kuliwa na kila kiumbe ikiwemo bakteria wa mchangani. Pampu ya hewa ya betri ni ya lazima kabla ya kununua samaki wa kwanza. Betri ikiisha nayo, kuna njia ya mwaka 1846: Mwingereza Anna Thynne alichukua matumbawe kutoka pwani ya Torquay akayapeleka London, na kwa kuwa hakukuwa na pampu, mtumishi wake wa ndani alikuwa akiyamwaga maji kutoka chombo hadi chombo mbele ya dirisha lililo wazi, nusu saa au zaidi kila siku. Yaliishi. Jagi linachota, linamwaga kutoka juu, linachota. Watoto wangu wanaipenda kazi hiyo kwa dakika tano za mwanzo.

Kwa anayesoma haya na kuhesabu gharama ya chumvi, kuna mlango mwingine, na kwa Dodoma una mantiki kuliko wangu. Ziwa Tanganyika lina samaki wa jamii ya Xenotilapia, hawapatikani penginepo duniani, wanaoishi juu ya mchanga na kuusukutua vilevile, unaingia mdomoni na kutoka mashavuni, ingawa hawana undugu wa karibu na gobi. Maji ya ziwa hilo ni magumu na pH yake huwa karibu na 9, kwa hiyo ugumu wa maji ya kisima ambao mimi naulipia mashine kuuondoa, wao wanauhitaji. Pima nitrati kwanza, acha klorini ya bomba itoke, weka mchanga laini kabisa na tumia tangi pana kuliko refu kwenda juu. Na uwe na pamba ya akiba, kwa sababu siku ya kwanza nao watakutifulia tangi lote.